Kumpeleka Mwenye Kifua Mlimani

Watu wa Mbagala hatuendagi likizo. Tunasafiri, tena sana, lakini kila safari ina sababu inayoeleweka: msiba, harusi, mgonjwa, mtoto wa shangazi anatolewa jandoni, au shamba la urithi linataka kuuzwa na ndugu. Ukimwambia mtu unasafiri, swali lake la kwanza halitakuwa lini. Atakuuliza, "Kwa nani?" Kwa hiyo niliposema kwamba mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa, mie na mume wangu tunawapeleka watoto wetu wawili Moshi kupumzika, jirani yangu alinitazama kama mtu aliyetoka ndani kwake akasahau kuvaa gauni.

"Moshi kwa nani?"

Nikamwambia hatuna mtu kule, tunakwenda kuuona mlima. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo limetokea. Nikasema hakuna. Kesho yake asubuhi akaja na mfuko wa mchele, amejifunga khanga mbili, akanipa pole. Alikuwa ameshaamua kwamba tumefiwa na tunaficha, maana nani afunge safari na watoto wadogo kwenda asikokuwa na ndugu kama si kwa msiba? Nilijaribu kumweleza nikashindwa. Mchele niliupokea, mie si mjinga.

Sababu yenyewe sikumwambia yeye wala mtu mwingine wa nje. Sababu ilikuwa mwanangu wa kiume, kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka mitano, na ana kifua. Kwetu ukisema mtoto ana kifua hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Ana pumu. Alianza kubanwa hata kutembea hajui, na mie nikajifunza kumsikia akiwa chumba cha pili, nikiwa nakaanga vitunguu, redio inaongea. Jiko la mkaa la jirani lilimbana. Vumbi la kiangazi, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, vyote vilimbana. Baba yake naye ni fundi seremala, unga wa mbao umemjaa mpaka kwenye kope, kwa hiyo akirudi kazini alikuwa anazunguka uani, anajikung'uta, anaoga, anabadili nguo, ndipo anamshika mwanawe. Mtoto alishazoea. Alikuwa anamsubiri mlangoni, mikono ameifunga mgongoni, kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Dada yake, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa hana breki. Yeye na watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira mpaka magoli yenyewe yanachoka, na mwanangu anakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Wenzake walimpa urefa. Alikuwa refa mkali kwelikweli, alizijua sheria zote za mchezo ambao hajawahi kuucheza. Na neno nililolisema mara nyingi zaidi katika maisha yangu ya uzazi, kuliko "kula," kuliko "njoo," lilikuwa "usikimbie."

Sasa siku moja kliniki, daktari, binti mdogo kabisa, akasikiliza kifua cha mwanangu, akaangalia pampu zake mbili, ile ya kila siku na ile ya akibanwa, akasema, "Mama, huyu sasa ametulia. Akiendelea na dawa hivi, anaweza kucheza kama wenzake. Mwacheni akimbie." Nikamwambia haya, asante. Njiani nilimsema peke yangu mpaka nyumbani. Hajazaa yule. Anajua nini? Lakini neno lake lilikuwa limeniingia kama mwiba wa samaki kooni, na kila nilipomwona mtoto pale kwenye ngazi, likawa linachoma.

Nikaanza kuwaza. Kama ni kumwacha akimbie, basi isiwe hapa kwenye vumbi na moshi, na majirani wote wananitazama. Iwe mahali penye hewa. Na mie ni mwalimu wa shule ya msingi, nimechora mlima ule ubaoni mwaka hadi mwaka, pembetatu moja yenye chaki nyeupe kichwani, nikawakaririsha watoto wa watu kwamba ndio mrefu kuliko yote Afrika, na mie mwenyewe sijauona hata siku moja. Nikatoa akiba yangu ya kikoba. Nikamwambia mume wangu. Yeye akauliza kitu kimoja tu, kama huko kuna mahali pa kuangalia mpira.

Mipango ikaanza, na mie nikipanga jambo, nyumba nzima inajua. Jioni tulikuwa tunakaa mkekani, kila mtu anasema anachotaka. Binti yangu alitaka bwawa la kuogelea na ng'ombe wa maziwa. Mwanangu aliuliza mlima unafunguliwa saa ngapi. Mie nikawa kwenye simu na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni pembeni ya mji. Nilimuuliza jikoni wanapikia nini, kuni, mkaa au gesi. Nikamuuliza kama vyumbani kuna zulia, mito ni ya sufi au ya sponji, na kama kuna paka. Nikampigia tena kuuliza hospitali iko umbali gani. Nikapiga tena. Mwisho akaniambia, kwa upole wake wa kule juu, "Mama, wewe njoo na mto wenu tu."

Ndipo likaja suala la baridi. Mwalimu mwenzangu, Mchaga, tunakaa naye meza moja, aliponisikia alishika kifua. Akaniambia kwao, asubuhi, ukitoka nje pua inakufa ganzi. Watoto wale niwavike sweta juu ya sweta, soksi, na kofia za kuziba masikio. Mie mtu wa pwani, baridi naijua kwenye friji. Nikaenda kwenye mitumba ya Rangi Tatu, nikamkuta kijana ana makoti ya theluji, yale yaliyojaa kama godoro, ameyatundika huko nyuma hata yeye mwenyewe keshayakatia tamaa. Aliponiona nayashika alisimama wima. Nadhani alidhani namtania. Nikabeba manne.

Mwanangu alilivaa lake hapo hapo nyumbani, mwezi wa kwanza, Mbagala, bati juu. Akagoma kulivua. Akala nalo wali, jasho linamtiririka mpaka shingoni, anatuambia yeye hasikii joto.

Bibi yake alikuwa anatutazama. Mama mkwe wangu tunaishi naye, mtu wa Newala, mkimya. Akisema leo, kesho anapumzika. Tangu nitaje Moshi alikuwa hajasema neno, na mie nilijua ukimya ule si wa bure. Mume wangu aliposema na yeye aje, alijibu kwamba kuku wake hana wa kumwachia. Wifi yangu akajitolea kuja kuwatunza, bado akakataa, ikawa wifi anakuja kukaa naye yeye. Nikajua kuku ni kisingizio tu.

Mchana mmoja nilikuwa naweka nguo kwenye begi, akaja akakaa pembeni yangu, akachukua lile koti la mtoto akaliweka mapajani. Nikajiweka tayari. Nilikuwa na majibu yangu yote, ya daktari, ya pampu, ya kwamba siku hizi si zamani.

"Mumeo si wa kwanza," akasema.

Sikuelewa. Miaka yote nilijua nimeolewa na mtoto wa kwanza wa nyumba ile.

"Kabla yake kulikuwa na mwenzie. Alikuwa na kifua kama huyu huyu. Newala kule juu kuna baridi, mwanangu, msituone watu wa kusini mkadhani ni joto tupu. Upepo unapanda kutoka bondeni unaingia mpaka kwenye mifupa. Siku hiyo alikuwa mzima. Wenzie wakawa wanakimbizana, na yeye akaenda. Nikamwacha. Nilikuwa natwanga, nimemwangalia nacheka, maana nilikuwa sijamwona hata siku moja anakimbia hivyo." Akakunja mkono mmoja wa koti, akaukunjua. "Hakumaliza usiku."

Nikamwambia, "Mama, basi hatuendi."

"Sijasema msiende. Nakwambia ili ujue kwa nini silali." Akanirudishia koti, akainuka, akaenda kuwapa kuku maji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huwa tunasema, tunasema tu kwa sababu ni msemo. Usiku ule nilimweleza mume wangu, naye alikuwa hajui. Mtu mzima, fundi, ana mvi, ndio anasikia kwamba aliwahi kuwa na kaka. Akaniambia twende. Akasema mama yake amebeba kitu hicho miaka yote, na kama hatuendi, mtoto wetu naye atakibeba, atakaa kwenye ile ngazi mpaka aote ndevu. Ila akaniomba jambo moja, siku ya kumwacha akimbie jua liwe limeshatoka, pampu iwe mkononi, na tuwe wote wawili. Nikakubali. Tangu hapo haikuwa tena safari ya kuuona mlima, ingawa watoto hawakujua.

Tukaondoka. Mwezi wa kwanza wenyeji wa kule wanateremka kurudi Dar baada ya sikukuu, sie tunapanda, basi letu likawa na nafasi tele. Nilikaa nimekumbatia mfuko wa dawa njia nzima. Tulipokaribia nikawavika wote makoti na kofia, na mie nikavaa langu, na baba yao nikamlazimisha. Tukashuka stendi ya Moshi mchana wa jua kali.

Ndugu zangu, Moshi mjini mwezi wa kwanza ni joto. Ni joto kabisa, la kukausha nguo ukiwa umezivaa. Watu wamevaa fulana na kandambili, wanakula tikiti maji, na sie tumesimama wanne tumefutuka kama magunia ya pamba. Dereva mmoja wa bajaji alituzunguka kwanza, akatutazama vizuri, akasema, "Mama, theluji iko juu, huku chini bado haijashuka." Mume wangu akavua lake hapo hapo akanibebesha. Yule mwalimu mwenzangu hakunidanganya, yeye kwao ni huko juu kabisa migombani. Mie ndiye nilidhani Moshi ni baridi moja kuanzia stendi.

Na mlima haukuwepo. Kulikuwa na mawingu upande wote ule, mazito, meupe, yamekaa kama wenye nyumba. Kesho yake pia haukuwepo. Binti yangu akasema labda umehamishwa. Tukala ndizi, tukaona ng'ombe wa maziwa, tukanunua parachichi kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mwanangu usiku alilala kimya. Mie nikawa naamka kwenda kumsikiliza, nasikia hewa inaingia na kutoka bila mkwaruzo, naona kama nimekosea kitanda. Asubuhi baba yake alitoka chumbani akambeba juu juu, hivi hivi, hajaoga, hajajikung'uta, na mtoto akashangaa, akaanza kumgusa gusa nyusi. Nilitoka nje nikajifanya naanika taulo.

Asubuhi iliyofuata mama mwenye nyumba alitugongea mlango. "Amkeni, umetoka."

Tukatoka uani na nguo za kulalia. Tukatazama mbele, juu ya mapaa, kwenye usawa wa miti, maana mtu wa pwani hajui kutazama kwingine. Kwetu kitu kikubwa ni bahari, nayo iko mbele yako. Nikaona mteremko wa bluu, mpana, mzuri. Mume wangu akasema, "Ndio wenyewe? Si mbaya." Na mie moyoni nikasema, kumbe pembetatu yangu ya chaki ilikuwa inausifia bure.

Yule mama akacheka. "Hiyo ni miguu yake. Juu. Inueni macho."

Nikainua kidogo nikaona mawingu. "Juu ya mawingu," akasema. "Inua zaidi." Mwanangu alikuwa ameshapinda shingo mpaka kofia imeanguka. Nikafuata macho yake. Kule ambako mie hutazama nikitafuta mwezi tu, kule ambako hakutakiwi kuwe na ardhi, kulikuwa na ardhi. Nyeupe, imetulia, jua limeishika upande mmoja. Ilikuwa imekaa mbinguni na sie tuko chini yake, na siku zote zile mbili ilikuwa pale pale, inatutazama tukinunua parachichi.

Niliogopa. Nasema kweli, nikashika ukuta. Nikasema subhanallah, nikarudia. Mume wangu, mtu wa kupima kila kitu kwa jicho, meza, milango, majeneza, alikuwa ameinua mkono kama anataka kupima, akaushusha. Nilifikiria watoto wote niliowachorea ile pembetatu. Nilifikiria kwamba kumbe inawezekana mtu ukaishi na kitu kikubwa hivyo nchini kwako, ukakifundisha, ukakisahihishia mitihani, na usikijue hata chembe.

"Mama," mwanangu akasema, "kule juu wanapumuaje?"

Nikamwambia taratibu. Wanapumua taratibu, wanapanda taratibu, wanafika.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na njia ya udongo mwekundu, imelowa umande, hakuna vumbi hata kidogo, inapanda kati ya migomba kuelekea upande wa mlima. Mume wangu akanitazama. Nikaingia ndani nikachukua pampu, nikampa mtoto kama daktari alivyoelekeza, tukasubiri. Kisha dada yake akatoka mbio kwenye ile njia, kama kawaida yake, na mwanangu akageuka kuniangalia. Alikuwa anasubiri lile neno langu. Niliona midomo yake imeshaanza kulisema pamoja na mie.

Sikulisema. Mdomo ulifunguka, mume wangu akanishika mkono, nikaufunga.

Alianza kwa kutembea. Akatembea haraka. Akanigeukia tena, akaona sijasema kitu, na hapo akaanza kukimbia. Hakuwa anajua kukimbia, maskini, mikono ilikuwa inakwenda kwake na miguu kwake, magoti yanapigana. Alikwenda mpaka kwenye mgomba wa mbali, akaugusa, akarudi, anahema, mdomo wazi. Nikapiga magoti pale kwenye matope nikaweka sikio. Moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi, lakini hewa ilikuwa inapita. Inaingia, inatoka. Akanisukuma kichwa kwa sababu nilikuwa namchelewesha, akaondoka tena.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, kwa video, akasema bibi ameamka tangu alfajiri anamsumbua apige. Akamkabidhi simu. Nikaona paji la uso la mama mkwe wangu na kipande cha dari, maana hakuwahi kujua kuishika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

Machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone akadhani vingine. Nikageuza simu kuelekea juu, nikamwonyesha ule mlima wote, ule weupe, nikamwambia, "Mama, tazama. Tazama Mungu alichoweka hapa."

Alitazama. Nilisikia wifi yangu nyuma akisema mashallah.

"Nimeuona," mama mkwe akasema. "Nionyeshe mtoto."

Nikashusha simu. Pale kwenye njia, kati ya migomba, mwanangu alikuwa anateremka mbio, hana koti, dada yake yuko nyuma anamwita amsubiri, na yeye hamsubiri. Nikangoja aniambie nimkamate. Kama angesema, ningemkamata.

Mtoto akafika, akaona uso wa bibi yake kwenye kioo, akausogelea mpaka pua ikagusa. Alikuwa anahema, na jasho limemtoka usoni.

"Shikamoo bibi. Bibi, umeniona?"

"Nimekuona." Akamtazama muda mrefu, na ile simu sasa alikuwa ameishika sawasawa, uso wake wote umeingia. "Pumua kwanza nikusikie."

Akapumua. Akavuta hewa nyingi, akaitoa yote kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu, nikakifuta kwa khanga.

"Narudi tena bibi," akasema. "Nikimbie tena?"

Swali halikuwa letu.

"Haya," bibi yake akasema. "Nenda."